Menta si msaidizi: yaliyonikuta nikilea wanafunzi wenye ulemavu chuoni Dar

Mimi sioni. Presha ya macho ilinimaliza uoni nikiwa bado shule ya msingi, nikasoma sekondari kwa nukta nundu, maandishi ya kupapasa kwa vidole, kwenye shule jumuishi huko mkoani, halafu nikapata nafasi ya chuo Dar es Salaam kusomea ualimu. Mwaka wa kwanza nilikuwa na menta, yaani mwanafunzi aliyetangulia wa kunielekeza. Kuanzia mwaka wa pili nikawa menta wa wengine mpaka nilipohitimu. Naandika kwa ajili ya yule anayesubiri kuripoti chuoni na fimbo yake nyeupe, magongo, kiti mwendo au lugha yake ya alama. Lakini zaidi nawaandikia wale watakaofuatwa na kuambiwa, "Wewe si umeshazoea hapa, tusaidie kumlea huyu." Mambo mengi huanza kwenda mrama hapo.

Ngazi na mitaro utakutana navyo siku ya kwanza, huhitaji kuhadithiwa. Kitakachokuchanganya zaidi ni kwamba chuoni hakuna kinachokuja chenyewe. Sekondari nilikuwa na mwalimu wa elimu maalumu aliyejua nukta nundu kuliko mimi. Mtihani wa taifa ulipofika, karatasi yangu ilikuja ikiwa tayari ya nukta nundu na muda wa ziada ulishapangwa na Baraza la Mitihani: dakika 10 kwa kila saa, na dakika 20 kwa kila saa kwenye hisabati. Kazi yangu ilikuwa kujibu tu. Chuoni, mhadhiri mwenye darasa la watu mia kadhaa anaweza kufundisha muhula mzima asijue kama ndani yumo asiyeona, na siku ya testi msimamizi akakushangaa kama mtu aliyepotea njia. Wala hana roho mbaya. Hakuna aliyemwambia.

Kila kitu unakiomba wewe, kwa maandishi, mapema, kwa mtu anayehusika. Sasa nani anahusika? Kujua hilo ndiyo mali kubwa ya menta, na ndiyo maana nasema menta mzuri ni mwenzako aliyekutangulia mwaka mmoja au miwili. Mhadhiri mwenye huruma hajui foleni ya ofisi fulani huisha saa ngapi wala karani yupi anasikiliza.

Menta wangu alikuwa kaka wa mwaka wa tatu, naye haoni. Jumamosi kabla masomo hayajaanza alinifuata hosteli tukatoka kujifunza njia ya kwenda darasani. Alinisimamisha nje ya geti akaniuliza, "Unasikia nini?" Nikamwambia nasikia watu. Akasema watu wanahama, nitafute kisichohama. Nikasikiliza tena: mashine ya fotokopi ya duka la vifaa vya kuandikia upande wa kulia, na mbele kidogo mafuta ya chipsi yakichemka kibandani. Tukaanza kwenda, mimi mbele, yeye nyuma yangu, wote na fimbo zetu. Kila nilipokaribia pabaya hakunishika. Alikuwa anagonga fimbo chini mara mbili, nami nasimama, napapasa na yangu mpaka naukuta ukingo wa mtaro usio na mfuniko. Tulirudia njia hiyo hiyo asubuhi ile mpaka akaacha kugonga. Nilitamani anishike mkono. Sikumwambia, na nadhani angekataa.

Wiki zilizofuata hakuniongezea njia nyingine mpaka nilipomwambia mwenyewe kwamba sasa nataka ya maktaba. Njia moja, ikikaa ndipo ya pili. Nimewaona menta wengi wakimzungusha mgeni chuo kizima kwa siku moja, utawala, zahanati, maktaba, kantini, na jioni mtu hajui hata choo kiko wapi.

Kompyuta ndiyo iliyonitoa jasho. Nilifika nikiamini nukta nundu itanivusha, kumbe vitabu vya kozi yangu kwa nukta nundu havikuwepo kabisa. Nilikuwa nimewahi kugusa kompyuta mara chache. Kaka akanipakulia NVDA, programu ya kusoma skrini kwa sauti. Ni ya bure na imekuwepo tangu 2006, kwa hiyo asikudanganye mtu umlipe hela ya "kuinunua". Kwa Kiswahili inatumia sauti inayoongea kama roboti mwenye mafua, lakini masikio yanazoea. Ukiiacha kwenye sauti ya Kiingereza na kuipa matini ya Kiswahili, utacheka mpaka usahau kusoma.

Tatizo la NVDA, na la programu zote za aina hiyo, ni makaratasi yaliyopigwa picha. Mhadhiri anachukua kitabu cha zamani, anakiskani, anakituma kwenye kundi la darasa. Wenzako wanafungua wanasoma. Wewe unafungua, kompyuta kimya, kwa sababu ndani hamna maneno, mna picha ya maneno. Ukibonyeza kitufe cha NVDA (kwa kawaida Insert) pamoja na R kwenye Windows 10 au 11, itajaribu kuyatambua maandishi yaliyo kwenye skrini. Ukurasa ukiwa safi inafanya kazi nzuri. Ukiwa umepigwa kimshazari na kidole cha mtu kimeingia, utasomewa mambo ya ajabu. Kwa hiyo mwanzoni mwa muhula mwombe mhadhiri faili lenyewe aliloandikia, lile la Word. Wengi wanakupa siku hiyo hiyo, walikuwa hawajui tu.

Na kingine: NVDA inaweza kukaa kwenye flashi ikaendeshwa bila kusakinishwa. Tembea nayo. Siku ya mtihani utapewa kompyuta ya ofisi ambayo haina programu hiyo na haina intaneti, na mtaalamu wa kompyuta yuko msibani. Nenda siku moja kabla ukaijaribu kompyuta utakayotumia, masikioni uvae hedifoni zako mwenyewe.

Sasa nije kwenye kuwa menta.

Mpango wetu ulianza kwa nia njema na karatasi moja yenye majina. Ofisi ilitugawa kwa aina ya ulemavu: wasioona kwa wasioona, viziwi kwa viziwi, wa viungo kwa wa viungo. Ikionekana hivyo kwenye karatasi inapendeza. Kumbe wasioona wakongwe tulikuwa wachache na wageni walikuwa wengi, na kitivo chetu hakikuwa na kiziwi hata mmoja wa mwaka wa juu. Binti kiziwi kutoka Kilimanjaro akabaki bila mtu. Kwa mzaha, au kwa kukosa la kufanya, akapewa mimi.

Watu walitucheka. Asiyeona na asiyesikia, mtaongeaje? Tuliongea kwa simu, tumekaa kimbweta kimoja, bega kwa bega. Yeye anaandika WhatsApp, simu yangu inanisomea kwa TalkBack. Mimi nazungumza, simu inaandika, yeye anasoma. Mwanzoni Kiswahili chake cha kuandika kilinipa shida, kwa sababu lugha ya alama ina mpangilio wake wa maneno na yeye aliufuata huo. "Ofisi jana mimi enda funga" maana yake alikwenda jana akakuta ofisi imefungwa. Nikazoea haraka kuliko nilivyozoea roboti la NVDA. Nikisema cha kuchekesha alikuwa ananigusa begani na kunipigia makofi mepesi mkononi, na huko ndiko kucheka kwake.

Kutoka kwake nilijifunza kwamba kufanana kwa ulemavu kuna umuhimu kwenye mambo ya mbinu, kama njia, programu na vifaa. Kwenye mambo ya mfumo hakuna umuhimu mkubwa. Yeye shida yake ilikuwa mkalimani, ambaye alikuja siku akija. Barua ya kudai mkalimani inaandikwa kama barua ya kudai msomaji, inapita ofisi zile zile, inakwama meza ile ile. Nilimwonyesha meza. Mambo ya kukaa mbele, kumwomba mhadhiri asiongee akiwa ameugeukia ubao, na kupata notisi za mwenzake, aliyapata kwa kiziwi wa kitivo kingine ambaye tulimtafutia. Kwa hiyo ukiwa unapanga jozi, mpe mtu menta mmoja wa karibu naye kimasomo, na namba ya mtu mmoja mwenye ulemavu kama wake, hata kama yuko chuo kingine. Chama cha Viziwi, Chama cha Wasioona na vyama vingine vilivyo chini ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, vina watu waliokwisha pita huko.

Kilichotuumiza kuliko vyote kilikuwa kuchanganya umenta na usaidizi. Rafiki yangu mwenye uoni hafifu alipewa mdogo wa kumlea, asiyeona kabisa. Msichana mpole, mwoga wa jiji. Akaanza kwa kumsindikiza darasani, ikawa na kantini, ikawa na kumsomea usiku, kumfulia, kumpeleka Mwenge kununua nguo za ndani. Simu saa sita usiku: "Dada, maji yamekatika." Dada anaamka. Muhula ulipoisha, dada alikuwa na sapu mbili, mitihani ya kurudia. Mdogo naye hakuwa ameshika hata njia ya kwenda darasani, kwa sababu kila siku kuna mkono. Walipogombana, waligombana vibaya, na kila mmoja alikuwa na haki yake.

Baada ya hapo tulikaa menta wote tukakubaliana, na haya ndiyo ningewashauri wengine wayaanze nayo badala ya kuyafikia kwa machozi. Kusoma kwa sauti, kusukuma kiti, kuandika notisi, kufua: hiyo ni kazi ya msaidizi, na msaidizi analipwa au anapangiwa zamu. Menta anaonyesha mlango ulipo na jinsi ya kubisha. Akisindikiza, anasindikiza mara ya kwanza. Saa nne usiku simu ya menta inalala, isipokuwa ugonjwa au usalama. Wakati wa mitihani menta naye ni mwanafunzi, asitafutwe.

Kuna waliotuona wachoyo. Sawa.

Lakini ukisema msaidizi alipwe, useme na hela inatoka wapi. Mimi msomaji wangu nilimpa shilingi 5,000 kwa kila siku tuliyosoma, na siku nyingine chakula cha mchana. Bumu, yaani hela ya mkopo ya chakula na malazi, ni shilingi 10,000 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe. Nilikula mihogo sana. Baadaye nikapata njia nafuu: badala ya kumlipa mtu anisomee kitabu kizima, namlipa akipige picha vizuri ukurasa kwa ukurasa, kompyuta inanisomea usiku bure, nami naweza kurudia. Mwenzangu mmoja alibadilishana: anamfundisha roommate wake isimu, roommate anamsomea magazeti ya zamani ya utafiti. Ni mapatano mazuri mradi yasemwe wazi tangu mwanzo. Wema usio na mapatano unachoka katikati ya muhula, tena kimya kimya, unashangaa tu mtu hapokei simu.

Bumu likichelewa, mdogo atamkopa menta. Sisi tulikataza kukopeshana. Mnunulie wali maharage, usimkopeshe. Deni la elfu ishirini limevunja jozi zaidi ya moja ninazozijua.

Kuna kijana wa kiti mwendo niliyemlea mwaka wangu wa tatu, mcheshi, msumbufu, wa Mbeya. Semina yake moja ilipangwa ghorofa ya pili, jengo halina lifti. Wanaume wa darasa lake wakajitolea kumbeba, yeye na kiti chake, na wakajisikia vizuri sana. Yeye hakujisikia vizuri. Siku wabebaji wako kwenye mpira alikosa semina, na siku moja mmoja aliteleza kwenye ngazi wakabaki wote wanahema. Mdogo wangu akaja kwangu anataka niwatafute wabebaji wa akiba. Nikamwambia tukaandike barua.

Barua yenyewe ilikuwa nusu ukurasa. YAH: OMBI LA KUHAMISHIWA DARASA CHINI. Jina, namba ya usajili, kozi, siku na saa ya semina, chumba kilivyo sasa, chumba cha chini kilicho wazi saa hiyo hiyo. Hicho cha mwisho ndicho kilichofanya kazi. Tulikwenda wenyewe kuangalia ratiba mlangoni tukakikuta. Ukimpelekea mtu tatizo, ataliweka kwenye faili. Ukimpelekea chumba kilicho wazi, hana la kufikiria. Sentensi moja tu tuliitaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, na kwamba Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009. Sentensi moja, bila vitisho. Nimeona barua za kurasa tatu zilizojaa vifungu, zimewakasirisha watu na hazikuhamisha hata kiti.

Peleka nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine wakupigie mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani akisema "niachie tu, nitampa", mwambie kwa heshima, "Naomba unigongee mhuri, mama, nisije nikasumbua tena." Barua isiyo na mhuri haijawahi kufika. Yetu ilijibiwa wiki iliyofuata, darasa zima likashuka chini. Wanafunzi wenzake wakamshukuru, kule chini feni zilikuwa zinazunguka.

Kuhusu usafiri wa jiji sina mengi. Vituo vya mwendokasi vina njia za mteremko na sakafu ya basi inalingana na jukwaa, kwa hiyo kijana wangu wa kiti mwendo alipanda bila kubebwa, mradi asijaribu jioni watu wanapotoka kazini. Daladala konda akiona fimbo nyeupe mara nyingine anakusaidia hadi unaona aibu, mara nyingine anagonga bati gari inaondoka. Siku ya testi tenga hela ya bajaji.

La siri. Siyo ulemavu wote unaoonekana. Tulikuwa na kijana mwenye kifafa aliyetuambia sisi wawili tu. Kisha mtu mmoja, kwa nia ya kurahisisha mawasiliano, akatupia kwenye kundi la WhatsApp orodha nzima: jina, aina ya ulemavu, namba ya simu, namba ya chumba. Ilifutwa, lakini watu walishaiona. Kijana alitoka kwenye kundi na hakurudi, na muhula uliofuata alifanya mitihani bila kuomba msaada wowote. Orodha ya namna hiyo isiwepo kwenye simu ya menta. Menta ajue ya mdogo wake, basi. Na mdogo akikwambia jambo, hata la kawaida, usilipeleke ofisini "kwa faida yake" bila kumuuliza.

Wapo pia wanaoficha kwa kuona aibu. Mwenye uoni hafifu anakaa mbele, anapiga picha ubao na kuikuza kwenye simu, anafika hadi mtihani wa mwisho, anapewa karatasi yenye herufi kama mchwa. Akienda kulalamika wiki ya mitihani anaambiwa amechelewa, na kweli amechelewa. Ukiwa menta usimlazimishe kujitangaza darasani. Mweleze tu kwamba ofisi ya mshauri wa wanafunzi na mkuu wa idara wanatosha kujua, na kwamba ombi la herufi kubwa au muda wa ziada linakwenda mwanzoni mwa muhula.

Utaombewa pia. Hosteli, kituoni, hata kwenye foleni ya chakula, watakuwekea mikono kichwani bila kuuliza. Nilijifunza kusema "Amina, sasa nionyeshe mlango." Na wagombea wa serikali ya wanafunzi watakuja kupiga picha nanyi kila uchaguzi. Msiwafukuze. Andikeni ahadi zao, kwa sababu waziri wa mikopo wa wanafunzi akishinda ana mlango wa ofisi ambao ninyi hamna.

Umenta wenyewe uwe na mwisho. Sisi tuliweka muhula mmoja, kisha mnabaki marafiki mkipenda. Binti wa Kilimanjaro tulibaki marafiki; yeye ndiye aliyenichagulia nguo ya mahafali, akanielezea rangi kwa maandishi marefu. Kijana wa Mbeya nilipomwomba awe menta alikataa, alisema amechoka kuwa mtu wa ulemavu, anataka kuwa kiongozi wa darasa. Akawa. Nilikasirika kidogo, kisha nikaona ana haki.

Kwa anayejiandaa kuja sasa: ulemavu wako uthibitishwe na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa kwenye fomu ya Bodi ya Mikopo kabla dirisha la maombi halijafungwa, na cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Anza mapema, maana mganga huyo ana safari nyingi na sahihi yake haitumwi kwa simu. Toa nakala kadhaa za fomu ikishasainiwa, moja ibaki nyumbani kwa mtu anayepokea simu. Chuoni watakuuliza karatasi hiyo hiyo tena kwenye usajili, tena kwenye kuomba chumba cha chini, tena kwenye ombi la muda wa ziada.

Na flashi ya NVDA usimwazime mtu wiki ya mitihani.